Sikuandika "Kosa la Mtumiaji"

Vuta kiti, wewe unayeanza kazi ya kutengeneza programu za kompyuta. Najua umesoma. Najua una lugha za kompyuta kichwani ambazo mimi sijui hata majina yake. Lakini kuna kazi niliyoifanya hapa Mwanza kwa miaka kumi na tatu, na chuoni hawakukufundisha, kwa sababu wengi hawaioni kama kazi. Nilikuwa napokea malalamiko. Sasa nimestaafu, nafuga kuku Buswelu, na kuna jambo moja ambalo nililikataa wakati ule na ninalikataa hadi leo. Kama una chai, endelea kunywa. Nitaenda taratibu.

Ofisi yetu ilikuwa Pasiansi, juu ya duka la vipuri vya injini za boti. Tulikuwa saba: vijana sita waliojua kuandika programu, na mimi niliyetoka kwenye kazi ya kupiga chapa. Tulitengeneza programu moja inayoitwa Tofali. Kwa Tofali, mtoto wa shule anatengeneza gemu bila kuandika hata mstari mmoja wa lugha ya kompyuta. Kila amri ni tofali lenye rangi kwenye skrini. Moja limeandikwa "sogea kulia", jingine "ukigongwa, piga kelele", jingine "ongeza pointi". Unayaburuta kwa kipanya, unayapanga moja chini ya jingine, unabonyeza "Anza", na mtumbwi wako unatembea. Ni kitu kizuri. Nilikipenda tangu siku ya kwanza, na ndiyo maana nilikigombeza kila siku.

Mezani kwangu palikuwa na simu na daftari kubwa lenye jalada gumu. Shule na vikundi vya vijana walipiga simu, nami niliandika. Daftari lilikuwa na safu nne: jina, mahali, lalamiko, na aina. Hiyo ya nne ndiyo niliyogombana nayo. Bosi wetu, Injinia Kulwa, alitupangia aina nne za kuchagua: hitilafu, ombi kubwa, ombi dogo, na kosa la mtumiaji. Hitilafu ilirekebishwa wiki hiyo hiyo. Ombi kubwa lilipelekwa kwenye kikao. Ombi dogo lilisubiri. Na ukishaandika "kosa la mtumiaji", umefunga. Hakuna anayelisoma tena.

Nikwambie maombi madogo yalikuwa yanafananaje, maana wewe utayapokea hayo hayo kwa sura nyingine.

Mwalimu mmoja wa Buswelu alinipigia: "Mama Frida, kila nikichukua tofali moja, orodha ya matofali inarudi juu yenyewe. Nateremka tena mpaka chini. Nachukua moja, inarudi juu. Nimekuwa kama mtu aliyetumwa ziwani na ndoo inayovuja." Alitaka orodha ibaki pale alipoiacha. Hilo tu. Mwingine alitaka aweze kuvipa vitu vyake majina, kwa sababu gemu yake ilikuwa na samaki ishirini na wote wanaitwa Kitu 1, Kitu 2, Kitu 3, naye hajui ni yupi anayetakiwa kufa. Kijana mmoja alitaka tofali likinasa mahali pake litoe mlio mdogo, kwa sababu macho yake hayaoni vizuri na hajui kama limeshika. Mtoto mwingine hakuweza kutofautisha rangi nyekundu na kijani, na sisi tulikuwa tumeweka "nenda" kijani na "simama" nyekundu, zenye umbo moja, kando kwa kando.

Ukimpelekea Injinia Kulwa hayo, alikuwa anajibu hata kabla hujamaliza: "Mama, hilo ni dogo."

"Dogo kwako," nilikuwa namwambia. "Wewe unalifanya mara moja. Yeye anakutana nalo mara mia kabla ya kengele ya chakula."

Usimchukie Kulwa. Alikuwa na akili ya kutisha, na alifanya kazi ya watu watatu. Lakini alikuwa na ugonjwa ambao nawe utaupata usipojilinda: aliijua programu yake vizuri mno, hata akasahau jinsi mtu asiyeijua anavyoiona.

Mimi mwenyewe nilianza vibaya. Nilipoanza kutembelea shule, nilikuwa mtu wa kushika kipanya. Mtu akikwama tu, mkono wangu uko pale: "Lete nikuonyeshe." Tap, tap, tap, imekwisha, umeona? Anaitikia, "Nimeona, Mama." Naondoka na furaha yangu. Kesho yake simu inalia, ni yeye, amekwama pale pale. Hakuwa ameona kitu. Alikuwa ameona mkono wangu.

Aliyeniponya na tabia hiyo si mtu wa kompyuta. Ni Mama Zuhura, fundi cherehani aliyeshona kwenye baraza la jengo letu, chini kabisa, tangu kabla ghorofa ile haijapigwa rangi. Siku moja nilipeleka kitambaa, nikaanza kumweleza: nataka mkono uwe hivi, kiuno kiwe vile. Akaniacha nimalize yote. Kisha akaniambia, "Haya, inua mikono kama unaanika nguo."

Nikainua.

"Kaa."

Nikakaa.

"Inama uokote uzi huo."

Nikainama. Akapima mgongo, akaandika.

"Sasa Mama Zuhura," nikasema, "mbona hukuandika hata kimoja nilichokwambia?"

Akacheka na pini ziko mdomoni. "Ulichoniambia ni nguo ya kusimama nayo mbele ya kioo. Wewe mwanamke utakaa, utainama, utapanda ngazi hizo zenu. Nguo itakubana huko, halafu utasema Zuhura kaharibu."

Nilipanda ngazi nikiwaza. Tangu siku hiyo, nikienda kwa mtumiaji, nakaa nyuma yake, kushoto kidogo, na mikono yangu naikalia. Kweli kabisa, naiweka chini ya mapaja, naikalia. Maana mkono wa mjuaji hauna adabu, utaruka tu. Unakaa kimya, unaangalia anapobanwa.

Ukikaa hivyo utajua mambo ambayo hayasemeki kwenye simu. Shule moja walituomba tuyafanye matofali yawe makubwa. Tukayakuza. Wakalalamika tena. Tukayakuza tena, mpaka yakawa hayatoshi kwenye skrini. Siku nilipokwenda, nikakuta kompyuta zote zimeelekea dirishani na jua la saa nne linapiga vioo. Hawakuhitaji matofali makubwa. Walihitaji maandishi meusi zaidi kwenye tofali la njano, na mtu wa kugeuza meza. Lakini wao walijuaje? Walisema kile walichoweza kukisema. Kutafuta kilichobaki ni kazi yako.

Sasa nije kwa Kabula.

Siku moja asubuhi alinipigia Mwalimu Nestori, anayesimamia klabu ya kompyuta kwenye sekondari moja Buhongwa.

"Shikamoo, Mama Frida."

"Marahaba, Mwalimu. Habari za huko?"

"Za huku si nzuri. Programu yenu imemeza gemu mbili."

"Imemezaje?"

"Zimefutika. Kazi ya muhula mzima, vikundi viwili. Na siku ya wazazi ni wiki mbili zijazo. Aliyefuta tumemjua, ni binti wa kidato cha pili, anaitwa Kabula. Nimemwambia asiguse kompyuta tena."

"Anasemaje?"

"Hasemi. Ndiyo tatizo."

Nikaandika jina, mahali, na lalamiko. Safu ya nne nikaiacha wazi. Injinia Kulwa alipita, akachungulia, akasema, "Kafuta mwenyewe? Hilo ni kosa la mtumiaji, funga." Nikafunga daftari, lakini sikuandika.

Kesho yake nilikwenda. Chumba chao kilikuwa na kompyuta chache na wanafunzi wengi, kwa hiyo walikaa wanne wanne na kupokezana: huyu dakika ishirini, anasimama, mwingine anakaa. Kabula alikuwa amesimama mlangoni, hajaingia wala hajatoka. Binti mrefu, sare imepigwa pasi vizuri. Wenzake walipomwona wakaanza.

"Dasta huyo!"

"Dasta, usitukaribie, utatufuta na sisi!"

"Neema, shika daftari lako, Dasta amekuja!"

Walikuwa wamembatiza jina hilo, kifutio cha ubao. Aliangalia viatu vyake.

Nilimwomba Mwalimu Nestori aniruhusu nikae naye kwenye kompyuta moja tupu, isiyo na kazi ya mtu. Akakubali kwa shingo upande. Nikamwambia Kabula, "Mwanangu, mimi sijaja kukuuliza kesi. Nitengenezee tu mtumbwi unaotembea, halafu ukimaliza uinuke kama siku zote." Nikakaa nyuma yake, nikakalia mikono.

Nakwambia, yule mtoto alikuwa na mkono. Wengine wanaburuta tofali, wanasita, wanarudisha. Yeye alijua tayari anataka nini. Baada ya muda mfupi mtumbwi ulikuwa unatembea, unakwepa magugu maji, na ukiyagusa unapunguza mwendo badala ya kulipuka. Nikamuuliza kwa nini haulipuki. Akasema, "Magugu hayalipui, Mama. Yanakamata." Wenzake walikuwa wamesogea nyuma yetu, wanaangalia.

Akamaliza. Kisha, bila mimi kumwambia, akapeleka kipanya juu, akabonyeza "Futa Yote", kitufe kilichokaa kando ya "Toka". Matofali yote yakapotea. Akanyoosha kibodi ikae sawa na ukingo wa meza, akasukuma stuli ndani, akasimama mikono nyuma.

Chumba kizima kilisema, "Haa!"

"Kabula," nikasema polepole, "kwa nini umefuta?"

Akaniangalia kama vile nimemuuliza kwa nini ananawa mikono. "Ili anayekuja akute pasafi."

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Ni utaratibu. Ukimaliza kutumia ubao unafuta, usimwachie mwenzako uchafu. Na Mwalimu alisema siku ya kwanza, kila mtu aache mahali pake safi kwa anayefuata."

Nikageuka kumwangalia Mwalimu Nestori. Alikuwa anajikuna shingo. "Nilisema," akakiri. "Nilimaanisha makaratasi na maganda ya karanga."

Umeelewa kilichotokea? Mtoto mwenye adabu kuliko wote darasani ndiye aliyefuta. Zamu yake ilikuja wakati kazi ya vikundi viwili iko wazi kwenye kompyuta hiyo. Hakujua kwamba ile ndiyo nakala ya pekee. Alidhani kazi imehifadhiwa mahali fulani ndani, kama wewe unavyofuta ubao ukijua somo limebaki kwenye madaftari. Akapangusa, akaondoka, akiwa ameridhika kwamba amemtendea mwenzake wema.

Na sasa sehemu inayoniuma. Kwa nini gemu zile hazikurudi? Kwa sababu Tofali ilikuwa inahifadhi yenyewe kila badiliko, papo hapo. Na nani aliyegombania jambo hilo mpaka likafanyika? Mimi. Umeme ulikuwa unakatika, watoto wanapoteza kazi, nikapigana mwaka mzima programu ihifadhi yenyewe bila kuombwa. Ikafanywa. Ikafanywa haraka, na hakuna aliyejiuliza, nikiwamo mimi: je, ikihifadhi yenyewe skrini tupu? Ikahifadhi utupu kwa uaminifu mkubwa. Na ukifunga programu, kitufe cha kutendua, kile cha kurudisha ulichokiondoa, kinasahau kila kitu.

Nilitoka naye nje kwenye kibaraza. Nikamuuliza atafanya nini.

"Nimeomba kuhamia klabu ya mazingira," akasema. "Huko tunafagia tu. Hakuna cha kuharibu."

"Na gemu?"

"Sirudi, Mama." Kisha kwa sauti ndogo, "Moja ilikuwa gemu ya pantoni, kivuko cha ziwani, niliichora mimi. Ya kikundi chetu. Nilifuta hata ya kwangu."

Mwalimu Nestori alinisindikiza hadi getini. Aliniambia waziwazi: wazazi wa wenzake wamekuja juu, hawezi kumrudisha hivi hivi. "Nileteeni barua, Mama. Barua ya ofisi yenu, iseme nini kilitokea na ni kosa la nani. Nitaisoma mbele ya klabu, na wazazi nitawaonyesha. Bila hivyo, huyu binti ni Dasta mpaka amalize kidato cha nne."

Nikarudi Pasiansi moja kwa moja kwa Kulwa. Nikamweleza yote. Alisikiliza, hilo nampa.

"Inasikitisha," akasema. "Lakini programu ilifanya ilichoambiwa."

"Ilimwambia nini kabla ya kufanya?"

"Kimeandikwa Futa Yote, Mama. Kwa Kiswahili. Herufi kubwa."

"Na ubao umeandikwa nini? Anafuta kila siku na somo halipotei."

"Huo ni ubao. Andika kosa la mtumiaji, tuendelee."

"Siandiki."

Vijana wengine wakaacha kuandika.

"Mama Frida, tukianza kutoa barua za kujilaumu kila mtoto akibonyeza kitufe, shule zitasema Tofali ni bovu."

"Basi waseme. Pale ni bovu."

"Barua za ofisi hii nasaini mimi."

"Hii nitasaini mimi."

Alishika kichwa. "Mama, kitufe! Tunagombana kwa ajili ya kitufe!"

"Hatugombani kwa kitufe. Tunagombana kwa sababu kuna mtoto wa Buhongwa aliyeambiwa yeye ni mharibifu, na mimi na wewe tunajua kwamba ni sisi, halafu unaniambia nifunge daftari."

Nikaenda mezani. Nikachukua karatasi yenye nembo ya ofisi, na kwa kuwa mkono wa mpiga chapa hausahau, barua iliisha kabla Kulwa hajanizuia. Iliandikwa hivi: kazi ya wanafunzi ilipotea kwa sababu programu yetu iliweka kitufe cha kufuta karibu na kitufe cha kutoka, haikuuliza kabla ya kufuta, na haikubakiza nakala. Mwanafunzi Kabula alifuata utaratibu mzuri wa shule yake. Kosa ni la watengenezaji. Tunaomba radhi. Nikasaini jina langu, na chini yake nikaandika cheo ambacho sikuwahi kupewa: Mpokea Malalamiko. Nikagonga muhuri.

Kulwa alinikuta mlangoni nimeshika bahasha.

"Ukiipeleka hiyo, Mama, usirudi."

"Nitarudi saa nane," nikamwambia, "nikishakula."

Nilishuka zile ngazi nimeshika ukuta, usifikiri nilikuwa shujaa. Mama Zuhura aliniona napita. "Unakwenda wapi na uso huo?" "Kufukuzwa kazi," nikasema. Akasema, "Nyoosha kola basi."

Mwalimu Nestori alimwita Kabula, akaisoma barua mbele ya klabu nzima, taratibu, neno kwa neno. Alipofika kwenye "Kosa ni la watengenezaji", Kabula aliinua macho kwa mara ya kwanza. Kisha Neema, yule aliyeambiwa ashike daftari lake, mwenye mdomo kuliko wote, akauliza, "Kwa hiyo, Mwalimu, Dasta ni kompyuta?"

Walicheka mpaka meza zikatikisika. Kabula alijizuia, akashindwa, akacheka na yeye. Neema akasogea kwenye benchi, akapapiga pale pembeni yake. "Njoo ukae bwana. Hakuna mwingine anayejua kuchora pantoni."

Nikataka kuondoka, Kabula akanishika mkono. "Mama, naweza kuuliza? Kwa nini ndani hakuna kabati?"

"Kabati gani?"

"Darasani ukimaliza, vitu vyako unaviweka kabatini, na meza inabaki tupu. Kwenye Tofali huwezi. Ni uache uchafu au ufute. Mngeweka kitufe cha kusafisha meza, vitu viende kwenye kabati la mwenyewe."

Vijana sita na digrii zao, na mimi na daftari langu, miaka yote ile, hakuna aliyeliona. Sisi tungeweka kisanduku cha kuuliza "Una uhakika?" Na Kabula angejibu ndiyo, nina uhakika, kwa sababu ni mtoto msafi. Angefuta tu kwa uhakika zaidi. Likumbuke hilo unapotaka kumaliza tatizo kwa kisanduku cha maswali.

Nilirudi ofisini saa nane na dakika kumi. Kulwa alikuwa amekaa kwenye kiti changu na daftari langu limefunguliwa mbele yake, kurasa za zamani kabisa, maombi madogo ya miaka. Hakuniangalia.

"Nani aliweka Futa Yote karibu na Toka?"

"Wewe."

"Nilikuwa na sababu."

"Ipi?"

Akafikiri. "Pale palikuwa na nafasi."

Nikamweleza kuhusu kabati. Akasema si rahisi kama ninavyodhani. Nikamwambia sidhani kitu, nataka aje Buhongwa akae nyuma ya wale watoto. Alikuja keshokutwa. Nilimkalisha, nikamwambia akalie mikono. Ndani ya nusu saa mkono wake ulichomoka mara tatu, na kila mara nilimpiga kofi dogo kwenye kiganja, watoto wakafurahi sana. Aliona wanavyoteremka kwenye ile orodha inayorudi juu. Aliona Kitu 1, Kitu 2. Aliona mtoto anasukuma uso mpaka kwenye kioo kutafuta kama tofali limenasa. Njiani kurudi tulifika mpaka Mkuyuni. Akasema, "Ile orodha, Mama. Kwa kweli inaudhi."

"Iko ukurasa wa nne wa daftari," nikamwambia.

Kitufe cha Safisha Meza alikitengeneza kwa siku mbili. Siku mbili! Ukikibonyeza, matofali yanaondoka na kuingia kwenye kabati lenye jina lako, na skrini inabaki nyeupe kwa ajili ya mwenzako. Futa Yote ilihamishiwa ndani kabisa, mahali ambapo huwezi kufika kwa bahati mbaya.

Gemu mbili zilizopotea hazikurudi. Sitakudanganya. Watoto walizijenga upya kwa siku zilizobaki, na zilikuwa fupi kuliko za mwanzo. Pantoni ya Kabula ilikuwa na hatua moja tu badala ya nne.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa. Kulwa alikaa mstari wa nyuma karibu nami. Kabula alisimama mbele na Neema, skrini kubwa ukutani, pantoni inakwepa magugu, wazee wanashangilia kama mpira. Ilipofika ng'ambo, wakapiga makofi. Kabula akasema kwa adabu, "Asanteni. Sasa tunawapisha wenzetu, kwa hiyo naacha pasafi." Akabonyeza.

Ukuta ukawa mweupe.

Mama yake Neema alishika kifua. Baba mmoja akasimama, "Kafuta tena! Huyu mtoto kafuta tena!" Mwalimu Nestori alifumba macho. Na yule binti akawaacha hivyo. Aliwaacha wakae na weupe ule, akiwa amesimama mikono nyuma, mpaka ukumbi ukanyamaza wenyewe. Ndipo alipofungua kabati, akagusa jina lake, na pantoni ikarudi yote, na magugu yake, imeegeshwa pale pale ng'ambo.

Alinyoosha kibodi, akasukuma stuli ndani, akaenda kukaa.

Siku hiyo hiyo, mezani kwangu, nilichukua rula na kalamu nyekundu, nikaipiga mstari ile aina ya nne, "kosa la mtumiaji", kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Kulwa alinikuta, akasimama, akapita. Hakunizuia, na sijui kama alikubali. Yapo maombi madogo mengi ambayo yalikuwa bado yanasubiri siku niliyoondoka, na yule kijana wa mlio wa tofali aliupata mlio wake nikiwa nimeshastaafu. Watu watakwambia kuna mambo makubwa ya kufanya kwanza. Yapo siku zote. Wewe usikubali neno "dogo" litumike kufunga daftari, na asiyekuwepo asiandikiwe kosa na waliopo.

Sasa inuka. Kesho asubuhi mtafute mtu mmoja anayetumia kitu ulichokitengeneza. Kaa nyuma yake, kushoto kidogo. Kalia mikono yako. Usiseme kitu mpaka amalize, asimame, na arudishe stuli mahali pake. Kisha fungua daftari uandike alichofanya, na uache safu ya nne wazi.